Kando

Miaka kumi na tisa napeleka barua katika bonde hili,
kwanza kwa miguu, kisha kwa pikipiki ya njano
iliyochoka kuliko mimi,
na bahasha hazijapata kuwa na namba.
Nyumba huitwa kwa pale ilipokaa
na watu huitwa kwa nyumba.
Arrieta: penye mawe.
Sagasti: penye mitufaha.
Aldapa: mteremko, na ukiwa na kifurushi cha kilo nane
huhitaji kamusi,
magoti yatakufasiria.

Jina huku si pambo. Ni agizo kwa mguu.
Mwaka juzi ukungu ulishuka mchana,
mhandisi kijana kutoka mjini akanipigia:
simu yake inamwonyesha nukta ya buluu
katikati ya weupe mtupu.
Nikamwambia, shuka.
Ukisikia maji kushotoni, hapo ni Errekalde,
kando ya kijito; usivuke.
Fuata ukuta mpaka miiba ikushike suruali:
umefika Elorriaga. Bisha hodi.
Alibisha. Akapewa supu.

Mwezi uliofuata akaja na vibati vya buluu,
moja hadi sitini na nne.
Namba hazipotei, alisema.
Sikumkumbusha supu.

Wala sisemi majina hayadanganyi.
Zubiaurre, mbele ya daraja:
mafuriko yalilibeba daraja kabla sijazaliwa,
na nyumba bado inalitazama,
mbele ya hewa.
Bixente wa Goikoetxea, Nyumba ya Juu,
amepanga mjini chumba cha chini kabisa, jirani na mapipa ya taka,
na kila mwezi anatia saini hati ya kodi:
wa Juu.

Na Iturralde.
Iturri, chemchemi. Alde, kando.
Walipotoboa mlima ili treni ipite,
maji yalishtuka huko ndani, yakabadili njia.
Hakuna aliyeyaona yakiondoka.
Joxepa alitoka na ndoo alfajiri
akarudi nayo nyepesi, akaiweka mezani,
akaitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.
Kampuni ikaleta bomba. Ikalipa fidia:
ya ng'ombe, ya bustani, ya usumbufu.
Jina halikuwa na safu yake kwenye jedwali.

Wiki iliyopita, barua kutoka Ajentina.
Mwandiko wa mtoto, mistari inapanda kilima.
Mwalimu amewaagiza watafute maana ya majina yao.
Je, chemchemi ipo kweli?
Naomba chupa moja. Ndogo tu.

Nilimsomea mara mbili.
Alichukua chupa ya siki, akaisuuza,
akafungua bomba, akajaza,
akainyanyua dirishani kwenye mwanga.
Maji safi. Yana harufu ya dawa.
Akayamimina kwenye chungu cha maua.

Kisha akatoka na patasi.
Lile hodhi la jiwe bado lipo nyuma ya nyumba,
ukingo wake umelika pale ndoo zilipoegemezwa,
ndoo za mama yake, na za mama wa mama yake.
Humo sasa mna majani makavu na mjusi.
Akabandua kipande, kama kiganja cha mtoto,
akakifunga katika gazeti la Jumapili.

Fomu ya forodha inauliza: yaliyomo.
Nikaandika, jiwe.
Joxepa akaninyang'anya kalamu, akalikata,
akaandika kwa herufi kubwa: ALDE.
Maji yalikwenda, alisema.
Kando haikwenda popote.

Thamani: tukaacha wazi.
Nikapima. Gramu mia na arobaini,
pamoja na gazeti.