Mkazo

Baba ameacha mstari mmoja,
jalada la nyuma la daftari la mbolea,
chini ya "mifuko mitatu" na "Kahise, deni, elfu nane":
Mpaka wa Vitalis na Osmunda uwe barabara.
Kisha nukta. Kalamu imetoboa karatasi.

Kaka anakaza silabi ya tatu.
Basi ni ile nyekundu iendayo Lupembe,
ipitayo juu ya shamba,
na paini zote za chini yake, mia mbili na arobaini,
ni zake.

Mimi nakaza ya pili.
Basi ni sawasawa, kamili, pasipo kuonea,
kama alivyokuwa akiniita nishike ncha ya futi,
penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi:
Barabara! Haya, kata.

Wewe unayesoma,
hapa pia karatasi haikusaidii.

Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha chai.
Miaka kumi na mmoja naandika migongo ya watu:
kumi na nne nukta sita,
toa kikapu, toa umande.
Twilumba hukung'uta majani yake kabla hajanifikia
ili nisipate cha kutoa,
nami natazama mshale, simtazami yeye.
Sijamwibia mtu gramu.
Leo neno lenyewe la usahihi
linanisomea uzito mara mbili
kwenye mzigo mmoja.

Mwalimu Mhenga, darasa la sita, alituambia
neno hili lilivuka maji midomoni mwa wachuuzi,
na huko kwao, eti, ni kifua kwa kifua:
watu wawili wamesimama,
hakuna aliyetangulia.
Na ile ya kupita magari?
Akakuna kidevu kwa chaki.
Labda ndugu. Labda majina tu yamefanana.
Akafuta ubao.

Tukamwita mpima.
Akasimamisha miguu mitatu ya chuma nyasini,
akangoja satelaiti kama mtu angojaye chenji.
"Chombo hiki," akasema, "kinakosea sentimita tatu."
Na barabara?
"Barabara inahama, dada.
Kila baada ya masika greda linakuja
linakula pembeni. Mwaka juzi upande wenu,
mwaka jana upande wa kanisa.
Barabara ya marehemu ni ya mwaka gani?"
Vitalis akakwangua tope kwenye kiatu,
akaendelea kukwangua hata tope lilipokwisha.

Tukamwendea mama. Anamenya viazi,
ganda jembamba, refu, halikatiki.
Mama, alipokuwa anaandika, alilitamka vipi?
Alilisema kwanza, au aliandika tu?
"Alikuwa anakohoa," mama akasema.
"Nikamwambia acha karatasi, kunywa uji.
Hakunywa."
Ganda likakatika.

Niliposoma tena usiku ule
sikutazama neno, nilitazama nukta.
Mtu aliyepima mbao mara tatu ndipo akakata mara moja,
aliyerudisha mlango Kibena kwa unene wa kucha,
kwa nini hakuandika hatua? Kwa nini hakuandika
"kuanzia jiwe hadi mti"?
Au alidhani tutamsikia.

Asubuhi kaka alikuja na futi ya baba,
ile ya kitambaa, imefutika kuanzia sita hadi tisa.
Hakusema kitu. Akanipa ncha.
Julai Njombe, ukungu umeshuka hadi magotini,
nikaenda nayo kati ya paini
hadi sikumwona tena,
nikahisi tu mkono wake upande wa pili wa kitambaa,
unavuta, unalegeza.

"Umenyoosha?" akaita.

Nikamjibu kwa neno lile.
Ukungu ukachukua mkazo.

Kimya. Paini zikadondosha maji.
Kisha sauti yake, karibu icheke:
"Lipi?"