Pipa la Pumba

Mitsue alituaga Februari, theluji nyembamba juu ya Kokura,
akaniachia pipa la pumba za mpunga
na agizo moja: likoroge kila siku, kwa mkono mtupu.

Sikulikoroga.
Nilikula wali mweupe, supu ya pakiti,
mkate laini usiodai meno.
Kufikia Mei suruali ilikuwa inanitafuta kiuno.

Daktari Hamasaki, kijana wa juzi,
alisoma majibu ya choo changu polepole,
mtu anayehesabu waliokosekana msibani.
"Wapangaji wako wamehama, mzee.
Hawali huruma hao, wanakula nyuzinyuzi.
Wape maharage, mwani, mboga zilizochachuka."
Nitafika mia?
"Miaka siahidi. Labda ngazi,
utazipanda bila kushika ukuta."

Nilifunua pipa. Lilinuka soksi za askari.
Nikakwangua ukungu, nikatia chumvi, pumba mpya,
nikazamisha mkono hadi kiwiko.
Ndani kulikuwa na uvuguvugu.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Wake ulilambwa humu miaka arobaini na mitatu.
Vijidudu wa ngozi yake wamezaa, wakazaliana,
vilembwe na vining'ina wao
wangali kazini gizani;
hakuna aliyewapelekea habari ya kifo.

Leo nimetoa tango.
Limenyauka, lina makunyanzi, chachu inayofumba jicho.
Nimelitafuna upande wa kushoto, ule wenye meno.

Karibuni, nimewaambia walio tumboni,
mkono huu mnaujua.