Kisigino

Binti wa fomu ameketi mbele yangu, kalamu mkononi.
"Baba Ayikoru, umeridhika na huduma?
Kidogo, wastani, au sana?"
Mimi fundi baiskeli wa Arua, mkono wangu si wa kalamu.
Andika wewe.

Andika kwamba kila Alhamisi, kabla ya jua,
namfunga mgongoni kwa leso ya mama yake.
Vijana wa bodaboda hucheka. Wacheke.
Pedeli moja imekatika na kilima kiko palepale.

Andika kwamba kwenye benchi lile la akina mama
suruali ilikuwa yangu tu.

Bi Drateru hakuuliza tumemkosea nani.
Alipaka viganja mafuta ya simsim,
akashika mguu uliokaza kama mnyororo uliokosa grisi,
hakuuvuta. Alingoja.
Mimi niliyezoea kubembeleza nati kwa nyundo
nilijifunza pale kungoja.

Mtoto alilia. Andika na hilo.
Alilia wiki tatu, nikatoka nje
nikahesabu spoki za baiskeli ya mtu nisiyemjua,
thelathini na sita,
thelathini na sita.

Nyumbani, kando ya mihogo iliyoanikwa,
blanketi nalikunja liwe gogo, namlaza kifudifudi,
moja, mbili, mpaka ishirini,
bibi yake mlangoni: "Utamvunja huyo!"

Usiandike kwamba anatembea. Hatembei.
Majirani huuliza lini, lini,
kana kwamba mtoto ni mzigo uliochelewa kwenye lori.

Ila juzi, akiwa amesimama kwenye fremu
niliyoichomelea kwa vyuma vya baiskeli iliyokufa,
kisigino cha kushoto, kile kilichoelea tangu azaliwe,
kilishuka.
Kikagusa vumbi.
Akatazama chini kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nilipiga magoti kuiona alama:
kiduara, hakizidi kizibo cha soda.
Nikamwambia mke wangu, hapo leo usifagie.

Kwa Kilugbara jina lake ni furaha.
Tulimpa kabla hatujajua lolote,
kisha miaka minne tukaona haya kulitamka kwa sauti.
Jioni ile mama yake aliliita mpaka mbuzi wakageuka.

Haya, dada, nionyeshe kwenye karatasi yako
kisanduku cha kisigino ni kipi.

Na kama chini pamebaki nafasi, ongeza:
bomba la kliniki halitoi maji,
na Alhamisi moja kwa wiki haitoshi.