Kikaango Chenye Kamba Nyekundu

Ekari kumi na nne hapa Sangrur, zote ngano.
Baba alilima ngano, na baba yake,
nami nimelala juu ya magunia yake
tangu nikiwa mfupi kuliko gunia.

Kisha daktari wa Ludhiana, mpole, kalamu mbili mfukoni,
akageuza karatasi ya damu ya mwanangu
akasema: ni ngano.
Nikauliza, ngano ya nani?
Akadhani natania.

Jasnoor ana miaka tisa na kimo cha mtoto wa sita.
Tumbo ngoma, mikono fito.
Kula, tulimwambia, kula chapati nyingine upate nguvu,
tukaipaka samli, tukamkunjia.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Chake kilikuwa sahanini,
na mkono uliokiweka ni huu.

Sasa jikoni kuna mipaka kama ya mashamba.
Kikaango chake kina kamba nyekundu mpinini.
Mahindi hatupeleki tena kinuni kwa Bhola:
mawe yale yamesaga ngano tangu alfajiri
na hayajui kusahau.
Mama husaga nyumbani, akinung'unika.
Chapati ya mahindi haisukumwi, hupigwapigwa viganjani,
na bado hupasuka ukingoni.
"Haina gundi," asema, "haishikani,"
huku akiziba nyufa kwa kidole chenye maji
kama azibaye ukuta kabla ya mvua.

Arusini, shangazi Parkash alimpenyezea kipande.
Kimoja tu! Nani alishakufa kwa kipande?
Usiku kucha nilimshikia mtoto kichwa juu ya ndoo.
Shangazi simlaumu.
Simlaumu, lakini simpigii simu.

Na kule gurudwara, tulipoketi mstarini sakafuni,
ambako chapati hupokewa kwa mikono miwili
na hakuna akataaye,
Jasnoor aliificha mikono kwapani.
Mgawaji akasimama. Mstari mzima ukageuka.
"Mimi wali tu," akasema,
"na kama mwiko haujagusa."
Nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikamtazama:
hakuwa na haya hata chembe.
Haya ilikuwa yangu.

Mwaka huu, kando ya kisima, nimetia mahindi.
Kipande kidogo. Jirani akacheka: hayalipi.
Hayalipi.

Mwezi wa nne, mashine yavuna, makapi yanajaa hewani,
yananiingia masikioni, kwenye ndevu.
Bei ni nzuri. Ngano ndiyo imlipiayo daktari.
Jioni mtoto anakuja mbio, nami napiga kelele: Simama hapo!
Navua kilemba, nasimama chini ya bomba na nguo zangu zote,
najimwagia ndoo, na ndoo, na ndoo.
Daktari hakuagiza hivyo.
Ni mimi.
Yeye huketi ukutani akihesabu kwa sauti,
na ikifika ya saba hushuka,
hangoji nikauke.