Sekunde Saba za Bi Mwanakombo

Twalib alipanda ngazi na flashi mbili mfukoni,
moja ya picha, moja ya sauti.
"Harusi ya Tima," akasema. "Yaoane, basi."
Kana kwamba kuoana ni kazi ya siku moja.

Chumba changu kiko Bondeni, juu ya duka la unga.
Feni yazunguka, stima yakonyeza,
na kwenye kioo namba zakimbia:
saa, dakika, sekunde, fremu,
katikati nukta mbilimbili kama macho ya paka.

Mashine huanza kuhesabu usiku wa manane,
sisi huanza jua likichomoza.
Ikisema nane, mimi nasema saa mbili,
na tofauti hiyo ya saa sita
haijapata kumkosesha mtu pilau.
Pengo lisilobadilika halina neno:
walisogeza mara moja, walisahau.

Kinachoua ni kupotoka kidogo kidogo.

Kamera ya Nasoro ilitoka Toronto na desturi zake,
fremu ishirini na tisa, nukta tisa, saba.
Nami kwa uvivu niliiandikia programu thelathini.
Nani angeuona upungufu huo? Ni unywele.
Mwanzoni sinia la kaimati lamponyoka binti mmoja,
bati na kishindo vyaanguka pamoja, pa!
Walimkaripia. Mimi nimemwombea dua:
bila sinia lile ningeshika wapi?
Robo saa, viganja vimekwisha kuachana
ndipo kofi lalia.
Saa nzima, mpiga ngoma ameshafuta jasho,
ngoma ingali inadunda.
Saa ya pili, mamake Tima, Bi Mwanakombo,
aweka kiganja juu ya mdomo, ulimi watetemeka,
kimya.
Ageuka. Atoka.
Na juu ya mlango mtupu
ndipo kigelegele chake chaingia.

Tulimzika Mfunguo Nne.

Nikarekebisha. Hesabu ile ina ujanja wake:
kila dakika huruka namba mbili,
isipokuwa dakika ya kumi, husamehewa.
"Zinazoruka ni namba tu," nikamweleza Tima,
"picha haipotei hata moja."
Akatikisa kichwa
kama mtu anayepewa pole.

Alasiri ikaadhiniwa. Wa Kuze akatangulia,
wa Kibokoni akamfuata,
wa tatu akaingia katikati ya neno,
na mtaa mzima hakuna aliyeona kosa.

Kisha nikaicheza.
Sauti ikarudi mdomoni mwa mwenyewe
kama ufunguo kwenye kufuli lake.
Hata pumzi iliyotangulia ilisikika.
Nilingoja Tima alie. Hakulia.
Akatazama mara mbili, akavuta kiti karibu.

"Ile ya jana," akasema. "Ile mbovu. Unayo?"

Nilikuwa nayo.
Mama akainua kiganja, akageuka, akatoka.
Mlango ukabaki, na pazia likicheza,
na kiatu cha mtoto kimelala kizingitini.
Tima akahesabu kwa vidole, midomo haimtoki neno,
moja, mbili, tatu, nne,
na alipofika saba akafumba macho
kabla kidogo
ya sauti kufika.

Nikamtilia zote mbili kwenye flashi.
Ile iliyooana niliandika jina la harusi.
Nyingine nimeiacha bila jina.
Twalib amelipa ya moja.