Kitenzi Kizimbani

Jumanne. Milimani, ghorofa ya tatu.
Feni imegoma tangu Januari.
Kwenye majalada naitwa Mkalimani, basi.

Kanda inachezwa: sauti ya Syokau Munyoki,
mtangazaji wa redio ndogo ya Kariobangi,
studio yake imekaa juu ya posho mili,
kwa hiyo nyuma ya kila neno lake mashine inanguruma.
“Wasikilizaji, barabara ya Mwangaza haipo.
Mheshimiwa ameila.”
Sekunde sita.
Kwa sekunde hizo mdai anataka milioni kumi na mbili
na amri ya kumziba mdomo hadi kesi iamuliwe.

Wakili wake anasimama kwa ncha za vidole:
“Mteja wangu hajawahi kuonja lami.”
Kicheko viti vya nyuma. Jaji hacheki.
Ananitazama kama mtu anayepapasa swichi gizani.
“Mkalimani. Kula ni nini?”

Miaka kumi na tisa navusha maneno ya watu
hadi ng'ambo ya pili, kwenye Kiingereza cha majalada.
Nimevusha wizi wa kuku, talaka, mashamba ya marehemu,
na kilio kimoja nilichoshindwa kukitafsiri, nikakiacha hivyo.
Sijawahi kuulizwa kitu chepesi namna hii.
Ulimi ukanikauka.

Kwani asubuhi hii shahidi amekula kiapo
na hakuna aliyemwuliza kina ladha gani.
Aliyekula chumvi nyingi hashtakiwi kwa magendo ya chumvi.
Kutu inakula mabati ya jirani yangu, haijapata samansi.
Landilodi akitokea, mimi hula kona.
Na huyu binti akishindwa, Kariobangi nzima itasema
imekula kwake.
Kitenzi kimoja, matumbo mangapi?

Nikamtazama Syokau. Mfuko wa nailoni magotini,
ndani yake nakala ya zabuni, stakabadhi,
picha ya tingatinga lililokaa wiki moja likaondoka usiku.
Viatu vyake vimeleta matope meusi ya Mwangaza
hadi kwenye sakafu ya serikali.
Yameingia bila kuapishwa,
yametoa ushahidi hatua kwa hatua, mlangoni mpaka kitini,
na mfagiaji keshaanza kuyapangusa.

“Mheshimiwa Jaji,” nikasema,
“inategemea kilichobaki kwenye sahani.”
Wakili akaruka: mkalimani si mtaalamu wa lugha!
Pingamizi likakubaliwa. Aitwe profesa.
Kesi itatajwa tena baada ya wiki sita,
na kwa sasa mdaiwa asithubutu kuweka hewani
“mheshimiwa” na “kula” katika sentensi moja.

Saa saba karani akachungulia kututangazia
kwamba Mheshimiwa anakwenda…
akasita, akajishika mdomo,
akasema: anakwenda.

Alhamisi nikafungua redio, chai i mezani.
Syokau hakupandisha sauti.
“Barabara ya Mwangaza haipo. Mheshimiwa…”
Kisha hakusema kitu.
Mashine ya chini ikasaga, ikasaga,
mahindi ya watu yakapita kwenye meno ya chuma,
sekunde sita, nilizihesabu.

Na binti yangu Nasimiyu, wa miaka saba,
mashavu yamejaa mkate,
akamalizia kwa niaba ya mtaa mzima:
“Ameila!”
Nikamwambia ameze kwanza.
Si adabu kusema na chakula mdomoni.