Mkunjo Uliopotea

Miaka kumi na tisa nimechapisha vitabu
hapa Rezekne, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
na sikuwahi kumwona mtu akifungua hata kimoja.
Msomaji kwangu alikuwa tarakimu
iliyofika kila robo mwaka kutoka kwa msambazaji wa Riga:
mia nne na kumi zimeuzwa, tisini zimerudi,
tafadhali weka saini.
Zimeuzwa kwa nani? Alicheka? Alisinzia katikati?
Tarakimu haina mdomo.

Kisha ikaja riwaya ya mjane wa nyuki,
na mtambo ukameza mkunjo mmoja:
baada ya ukurasa wa 96 unakuja wa 113.
Kurasa kumi na sita, hewa tupu,
na nakala mia mbili zimekwishatoka mlangoni.
Nikampigia msambazaji.
Akasema, Bibi Valija, mimi nauza masanduku.
Nani amelifungua sanduku, ukakiulize kisu.

Nikabandika tangazo stesheni, sokoni, kwenye duka la mkate:
Umenunua kitabu cha nyuki? Umekatishwa utamu.
Nipe anwani, nitakuletea kilichobaki
mimi mwenyewe, kwa miguu yangu.

Walianza kupiga simu.

Ludza, Genovefa, nesi wa zamu ya usiku:
alikuwa akiwasomea wagonjwa wa wodi ya nne,
na alipofika kwenye pengo
kitanda cha dirishani kilikasirika kuliko vyote.
Akaupokea mkunjo kama dawa iliyochelewa,
akatazama saa, akakimbia.

Vilani, mvulana wa miaka kumi na mitatu
hakuwa amegundua kosa.
"Nilidhani ndivyo vilivyo vitabu vya watu wazima," akasema,
"vinaruka."
Nikanywa chai yao, nikaona haya.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na mimi miaka yote hii
nilikuwa nikiwatandikia watu, nazima taa, naondoka.

Karsava, mwisho wa reli, theluji hadi magotini.
Bronislavs, aliyewahi kugeuza njia za treni,
alinifungulia mlango lakini hakunyosha mkono.
"Sizitaki zako," akasema. "Nimekwishaandika zangu."
Penseli, migongo ya ratiba za zamani za treni,
kurasa kumi na sita kamili, amezihesabu.
"Kaa. Soma. Viatu usivue, sakafu ni baridi."

Katika kurasa zake mjane hauzi mizinga.
Anaibeba mmoja mmoja hadi ghalani usiku,
anaifunika kwa makoti ya marehemu,
na asubuhi mnunuzi anakuta uwanja mtupu
na mwanamke anayekula mkate kwa asali
bila kumkaribisha.

Katika kurasa zetu anauza yote.
Mwandishi hakutaka. Mimi ndiye niliyemshurutisha.
Wasomaji wanapenda huzuni, nilimwambia,
kwa uhakika wa mtu asiyewahi kukutana na msomaji.

Sikumweleza Bronislavs.
Nilimuuliza tu iwapo amefuga nyuki.
"Mke wangu," akasema, akaongeza kuni.
Kulikuwa na makoti mawili ya kike nyuma ya mlango.

Nimewapata sitini na mmoja.
Majina yao yako katika daftari la kijani,
na mbele ya kila jina, si bei:
anasoma kwa sauti. Anaanzia mwisho. Ana hasira na sura ya tatu.
Kila Alhamisi naacha mlango wa ngazi wazi,
na wiki iliyopita alipanda mama mmoja
mguu mmoja kiatu kipya, mwingine soksi,
akauliza kama hapa ndipo vinapotoka.

Wale mia moja thelathini na tisa
bado wanaruka kutoka 96 hadi 113,
kila mmoja kwa daraja lake, sijui la nini.
Mwandishi amenipigia leo. Nilimsomea zile za penseli.
Akanyamaza muda mrefu mno,
kisha akaniomba namba ya treni ya Karsava.